Mkaguzi Aliyekataa Ugali

Pale Kinampanda, mgeni akifika kwako wakati wa chakula akakataa kula, ujue kuna neno. Ama amekukasirikia, ama anakuogopa, ama amesikia habari mbaya za jiko lako. Mkaguzi alikataa ugali wa watu miaka yote niliyomfahamu, na bado watu walimpenda. Au niseme walimvumilia kwa heshima, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake si dogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kukagua mashamba ya kikundi cha kilimo hai. Hawa ni wakulima wa alizeti waliokubaliana kuacha mbolea za kiwandani na dawa zote, ili mnunuzi anayepeleka mafuta nje ya nchi awape nyongeza kidogo juu ya bei ya soko. Mkaguzi hakuajiriwa na mtu. Wenzake walimchagua, wakampeleka kwenye mafunzo mafupi, akarudi na kofia, bunda la fomu na kalamu mbili. Simtaji kwa jina kwa sababu pale kijijini nako hakuna aliyemtaja. Hata mkewe, mbele ya wageni, alisema tu, "Mkaguzi hajarudi."

Alifika kwa mtu asubuhi, karanga za kukaanga mfukoni na maji yake kwenye chupa. Alizunguka shamba, akaingia ghalani, akafunua magunia. Mama wa nyumba alipoleta ugali wa mtama na mlenda, yeye alisimama, akanawa mikono kabisa kama mtu anayetaka kula, kisha akasema, "Mama, leo nimekuja na kalamu. Kesho nitakuja na tumbo." Na kweli kesho yake alirudi, hata kama nyumba ilikuwa ng'ambo ya korongo, bila fomu, akakaa mkekani akala mpaka mama mwenyewe akatosheka. Kwa hiyo kila nyumba aliiendea mara mbili, mara moja kuandika na mara moja kula. Safari ya pili haikufundishwa kwenye mafunzo. Aliitunga mwenyewe kwa sababu aliwajua watu wake. Alijua kwamba akishakula hataweza kuandika vizuri, na asipokula hataweza tena kupita njia ile.

Mimi nilikuwa afisa ugani wa kata, Bibi Shamba kama walivyoniita. Nilitoka Singida Mjini nikiwa na cheti changu na pikipiki ya serikali, na Kinyiramba changu kilikuwa cha kuwachekesha watoto. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wakulima wapate mbolea ya ruzuku, kugawa mbegu za mpango, na kupeleka taarifa wilayani kila mwisho wa mwezi. Kwa maneno mengine, kile alichokuwa anakifukuza Mkaguzi ndicho nilichokuwa nimetumwa kukileta. Siku ya kwanza nilipompa shikamoo aliitikia marahaba vizuri, akaizunguka pikipiki yangu, akainama na kunusa kiti cha nyuma. Kisha akaniomba, kwa upole kabisa, nisiwe naiegesha karibu na ghala la kikundi. Nilikuwa nimebeba mfuko wa mbolea asubuhi ile, na nilikuwa nimeshaufuta ule unga kwa kitambaa.

Pua ile ilikuwa maarufu. Alipokagua magunia aliingiza kichwa chote ndani, mpaka mabegani, akatulia humo kwa muda ambao sisi tuliosimama nje tuliuona mrefu. Akitoka, ama alitikisa kichwa kwa kuridhika ama alitoa kalamu aandike kosa. Mwaka mmoja alitoa kalamu nyumbani kwa mzee mwenzake wa kanisa, mtu aliyesimama naye siku ya ndoa yake. Kiroba kimoja kilikuwa cha mbolea, kimefuliwa mtoni mara tatu na kuanikwa juani. Mwenye nyumba alidhani anatania. Mkaguzi aliandika, akasaini, akampa naye asaini. Jumapili iliyofuata walikaa benchi moja kama kawaida, ila yule mzee alikaa mwishoni kabisa. Nilimwuliza Mkaguzi kama haikumuuma. Alinijibu kwamba ilimuuma sana, na kwamba hata hivyo kiroba kilinuka.

Ukali ule ulikuwa na sababu ambayo ni lazima niieleze hapa, maana yote yaliyotokea baadaye yanatoka humo. Sheria ya kikundi ilisema hivi: kosa likionwa na mkaguzi wa ndani likaandikwa, mkulima huyo anatoka, analima miaka mitatu akilisafisha shamba lake, na kikundi kinaendelea. Kosa likifichwa, halafu mkaguzi wa nje akaja kuligundua, kikundi chote kinanyang'anywa cheti. Bila cheti alizeti yao ni alizeti kama nyingine yoyote. Na katika ile miaka mitatu mkulima anapata mavuno haba ya bila mbolea na bei ileile ya soko, yaani anapata hasara za pande zote mbili. Wengi walioshindwa walishindwa hapo.

Nisimfanye mtakatifu. Alivuta sigara za dukani, moja baada ya nyingine, mtu huyohuyo ambaye hakutaka tone la dawa liguse bua la alizeti. Soda alikunywa baridi na tamu, na ukimtajia madhara yake aliangalia pembeni. Tena alikuwa mkali kwa watu wa kikundi kuhusu palizi, akiwaambia kwamba shamba la kilimo hai linalimwa kwa jembe mara tatu, lakini jembe la shamba lake lilishikwa na mkewe. Nilipita njia ile mara nyingi, na mara nyingi aliyekuwa ameinama pale ni yule mama, peke yake, kanga imefungwa kiunoni, wakati mume yuko kijiji cha pili anawahimiza watu wengine wapalilie. Nilimwambia siku moja. Alisema kazi ya kikundi ni nyingi. Sikuridhika na jibu lile, na sijaridhika mpaka leo.

Lakini pia alikuwa na jambo ambalo watetezi wa kilimo hai niliowaona kwenye semina hawakuwa nalo. Aliwazuia watu kujiunga. Alikuja kwake mama mmoja mjane, hana ng'ombe, ana eka chache za mchanga uliochoka, ameshasikia habari za nyongeza ya bei na macho yanamng'aa. Mkaguzi alimwuliza samadi ataitoa wapi. Mama akasema ataomba kwa jirani. Akamwambia asijiunge, abaki na mbolea ya ruzuku, kwa sababu hata mwanachama mpya huanza na miaka mitatu ya kusafisha shamba, na watoto watalala njaa kabla haijaisha. Yule mama aliondoka shingo upande, akidhani anabaguliwa. Mimi niliyekuwa nagawa hiyo mbolea nilisimama pale nikiwa sijui nishukuru au nione aibu.

Ng'ombe ndiye aliyekuwa siri ya mambo yote, alisema. Mwenye ng'ombe ana samadi, mwenye samadi anaweza kuacha mbolea, asiye nazo anadanganywa. Hayo aliyasema hata mbele ya wakubwa. Tuliitwa Nduguti kwenye semina, wakulima wa Iramba na wa Mkalama pamoja, katika ukumbi mpya uliokuwa bado unanukia rangi. Wageni wa kutoka juu walituonyesha mkakati wa kupanua kilimo hai, umechapwa vizuri na una picha za akina mama wanaocheka. Wakauliza kama kuna mwenye swali. Mkaguzi alisimama, akavua kofia.

"Mbolea ya kiwandani serikali inailipia ipande meli, ipande lori, ifike mpaka hapa," alisema. "Samadi yangu inatoka zizini kwenda shambani kwa kichwa cha mke wangu. Sijaja kuomba mbolea ifutwe. Naomba na huyu mwanamke apate nauli."

Watu walicheka, hata wageni walicheka, na mmoja aliandika kwenye daftari lake. Mkaguzi hakucheka. Aliuliza na la pili: cheti cha kikundi kimeandikwa jina la nani? Akajibu mwenyewe kwamba kimeandikwa jina la mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi ndiye anayekilipia. Hivyo wakulima wanatunza mashamba safi mwaka mzima, na wakishindwana bei na mnunuzi huyo hawana karatasi ya kumwonyesha mwingine. Usafi ni wao, ila hawawezi kuuuza. Wageni walisema hoja imepokelewa. Tuligawiwa chakula kwenye visanduku, na yeye akala chote, kwa sababu siku ile alikuja bila fomu.

Hoja ilipokelewa, ikakaa huko ilikopokelewa. Ndipo Mkaguzi akaamua kwamba kikundi kitakuwa ushirika uliosajiliwa, kitachanga, na kitakuwa na cheti chake chenyewe. Hapo niliona mtu anavyoweza kuzeeka kwa ajili ya karatasi. Watu walichanga kuku, walichanga mtama, mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti nzito na moyo mkubwa, alichanga ndama. Mkaguzi ndiye aliyepanda basi kwenda Singida Mjini kufuatilia. Anaambiwa rudi wiki ijayo, anarudi. Anaambiwa muhuri haupo, anasubiri muhuri. Mwaka ule, Januari karibu yote alikuwa mjini, akilala kwa binamu yake.

Januari hiyohiyo mvua ilikatika. Alizeti iliyokuwa imeota vidole viwili ikakauka ikawa majivu. Watu walipanda upya kwa mbegu walizobakiza, na mke wa Mkaguzi hakuwa amebakiza, kwa sababu mumewe alishazigawa kwa wanakikundi wenye shida. Mvua iliporudi yule mama alikuwa na shamba tupu, mgongo uliochoka kwa kulilima mara mbili, na mume aliye kwenye foleni ya muhuri.

Alikuja ofisini kwangu mchana. Kwangu kulikuwa na pakiti za mbegu chotara zilizobaki, mbegu nyekundu, zimepakwa dawa ya kuzuia wadudu na kuvu. Kikundi kilikuwa kimekubaliana nami kwamba wanachama wao nisiwape mbegu hizo. Kwa upande mwingine wilaya ilitaka ghala langu la mbegu liwe tupu ifikapo mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa. Mama alizitazama zile pakiti muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Bibi Shamba, nikiziosha, hii rangi si itatoka?"

Nikamwambia, "Itatoka, mama."

Nilijibu swali la rangi. La dawa hakuniuliza, na mimi sikulitaja. Nilimpa pakiti mbili, na kwenye daftari langu nikaandika kwamba zimepandwa kwenye shamba darasa la kata, lile la kufundishia wakulima. Yeye akaenda zake akaziosha kwenye beseni, maji matatu, mpaka mbegu zikapauka na maji yakatoka meupe. Aliniambia hayo baadaye bila kuona haya. Kwa miaka mingi alikuwa amemsikia mumewe akisema dawa ni uchafu, na katika maisha yake yote uchafu aliufahamu kama kitu kinachooshwa. Akapanda jioni ileile kabla unyevu haujapotea.

Mkaguzi alirudi Februari na cheti kwenye bahasha. Kina jina la kikundi. Walikipitisha mkono kwa mkono pale ghalani, mwenyekiti akalia waziwazi, na mimi nikapiga makofi pamoja nao. Nilikuwa nimeshazisahau zile pakiti, au nilijitahidi kuzisahau, ambayo ni kazi nyingine.

Machi alizeti zikachanua. Kwa sheria yao mkaguzi hakagui shamba lake, kwa hiyo alikuja mkaguzi mwenzake, akaliangalia shamba akiwa njiani, akajaza fomu kwamba ni zuri, akala chakula. Ilipofika saa kumi Mkaguzi akaingia mwenyewe shambani kutembea tu. Mbegu ya kwao, ile wanayorithishana, haikui sawa. Moja ndefu, moja fupi, moja imechanua, jirani yake bado imefumba. Zile zilikuwa zimesimama sawasawa kama wanafunzi kwenye paredi, zote zimechanua wiki moja. Aling'oa bua moja, akarudi nalo nyumbani, akamwuliza mkewe kwa Kinyiramba mbegu hii ilitoka wapi. Mama alimweleza yote, na beseni na maji matatu, na jina langu. Kisha, aliniambia mama huyo, mumewe alikaa kwenye kigoda na lile bua magotini mpaka giza likaingia, wala hakumgombeza.

Nilipata habari asubuhi, nikaenda mbio. Nilimkuta ameshatandaza fomu juu ya meza ndogo uani. Sikungoja kukaribishwa. Nilisema zilikuwa pakiti mbili tu. Nilisema zilioshwa, nikijua vema kuosha hakukusaidia kitu. Nilisema cheti hiki amekihangaikia yeye kuliko mtu yeyote, na kwamba fomu ya mwenzake imeshasema shamba ni safi.

"Mzee, hakuna mtu atakayejua," nikamaliza.

Aliinua macho. "Kwani wewe hujui?"

Akaanza kuandika. Jina la mkulima, aliandika lake. Aina ya kosa, aliandika mbegu iliyopakwa dawa. Ukubwa wa eneo, aliandika shamba lote. Kisha akafika kwenye mstari unaosema chanzo cha mbegu, na hapo kalamu ikasimama. Alinitazama. Mimi nikawatazama kuku waliokuwa wanachakura karibu na jiko, nikawatazama kwa makini sana, kama mtu aliyetumwa kuwahesabu. Nilisikia kalamu ikishuka chini ya karatasi, kwenye sahihi. Nilipogeuka, ule mstari ulikuwa mtupu. Mkewe alileta uji nikaunywa, na nikaondoka pale nimefarijika. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndilo lenyewe. Nilidhani mzee amenihurumia.

Kikundi kilibaki na cheti, kwa sababu kosa lilionwa ndani na kuandikwa ndani. Mwaka ule waliuza kwa jina lao kwa mara ya kwanza. Yeye alitolewa kwenye kikundi, na ukaguzi akavuliwa. Kwenye mkutano mwenyekiti alimwomba, karibu kumbembeleza, aseme mbegu ilitoka wapi, maana fomu haijakamilika. Alijibu kwamba kosa ameliandika na mwenye shamba amemwandika, lililobaki haliko mikononi mwake. Mkewe alitaka kusimama, yeye akamkazia macho. Watu wakajaza wenyewe ule mstari kwa midomo. Wakasema aliinunua mjini alipokuwa huko kwa pesa za michango. Wakasema ndiyo maana alikuwa mkali kwa wengine. Yule mzee wa kiroba, aliyehamia mwisho wa benchi, alihamia benchi jingine kabisa. Mimi nilikuwepo kwenye mkutano ule, kwenye kiti cha wageni, na nilinyamaza mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Nduguti na kupandishwa cheo. Taarifa zangu zilisifiwa kwa kuwa zilikamilika.

Yeye akalima miaka mitatu yake. Hakulegeza kitu. Alisomba samadi, alichagua mbegu za kienyeji, alipalilia, na mara hii alipalilia mwenyewe, bega kwa bega na mkewe, kwa kuwa hakuwa tena na mashamba ya watu ya kuzungukia. Mavuno aliyapeleka Singida Mjini kwenye kinu cha mzee mmoja wa Kihindi, ambaye familia yake imekamua alizeti pale tangu babu. Nilimwona huko mara moja. Nilikuwa nimekuja kununua mashudu ya kuku wangu, nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa anamweleza mwenye kinu kwamba alizeti hii haijaguswa na dawa hata chembe. Yule mzee alichota kiganjani, akazitazama, akasema kwa upole, "Nakuamini, ndugu yangu. Lakini mashine yangu haijui, na mteja wangu hajaniuliza." Akamlipa kama alivyomlipa aliyetangulia. Mimi nilisimama nyuma ya rundo la magunia mpaka mkokoteni wake ukatoka getini. Mashudu niliyasahau.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mwenyekiti wa kikundi alikuja Nduguti kwa shughuli nyingine, akapita kunisalimu. Alikuwa na huzuni. Mkaguzi amemaliza miaka mitatu, alisema, na ameomba kurudi, lakini fomu ya kosa lake haina chanzo. Mkaguzi wa nje akiuliza, watajibu nini? Kosa lisilo na chanzo linahesabiwa kama la makusudi, na shamba linaanza upya miaka mitatu mingine. "Na miaka mitatu mingine yule mzee hana," alisema. Sisi wanachama, aliongeza, tungemrudisha hata kesho, ila karatasi inakataa.

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu nilimwandikia mkuu wangu barua, nikaeleza habari ya daftari na shamba darasa, nikaiacha mezani kwake. Nikachukua kalamu nikaenda Kinampanda.

Nilifika saa ya chakula. Alikuwa ameketi uani kwenye kigoda kilekile, anachambua mbegu kwa vidole, kwa sababu macho yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa amekonda, na shati lilimpwaya mabegani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainua uso, akavuta pumzi. "Bibi Shamba. Siku hizi unanukia sabuni ya ofisini."

Nilikaa chini, si kwenye kiti alichonionyesha. Nilimwambia kilichonileta, na habari ya barua niliyoiacha. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akamwita mkewe alete jalada. Nakala ya fomu ilikuwa humo, imekunjwa mara moja, safi, na ule mstari ulikuwa mtupu kama nilivyouacha. Nikaiweka karatasi gotini.

"Mzee, umenificha miaka yote hii," nikasema. "Nisamehe."

"Sikukuficha," alisema. "Ningetaka kukuficha ningeandika uongo. Ule mstari haukuwa wangu. Nilikuachia."

Nililia, sitasema vinginevyo. Halafu nikaandika. Jina langu lote, cheo nilichokuwa nacho, pakiti mbili, mbegu iliyopakwa dawa, zimetolewa na mimi nikijua, na zikaandikwa kwa uongo kwamba zilipandwa shamba darasa. Mstari haukutosha, nikaendelea pembeni mwa karatasi. Nikasaini. Alisema nimsomee, maana haoni vizuri, nami nikasoma polepole kwa sauti, mkewe akiwa amesimama mlangoni mwa jiko. Nilipofika kwenye neno uongo nilisita, akangoja mpaka nikalisoma.

Mama alileta maji ya kunawa, kisha sinia la ugali wa mtama, na mlenda bado unatoa moshi. Nilikuwa nimetoka Nduguti alfajiri na njaa ilikuwa inanisokota. Nilinawa mikono vizuri, yote miwili, nikaikausha.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Leo nimekuja na kalamu."

Alisimama na sinia mikononi, hajui aliweke chini au afanye nini, akamgeukia mumewe. Mkaguzi alikuwa ameinamia mbegu zake tena, vidole vinatembea.

"Rudisha jikoni," alimwambia. "Kesho atakula."